Uliza Kabla ya Kununua: Somo Juu ya Chakula cha Kilimo Hai

Ndugu msomaji, tuanze na neno moja unalolijua vizuri. Neno hilo ni dawa.

Mtoto akiugua malaria tunampa dawa. Mzee akiumwa jino anatafuta dawa. Kwa hiyo tukisikia neno dawa, tunafikiri habari ya kupona. Sasa msikilize mkulima wa nyanya. Anakwambia, "Leo siji mkutanoni, napiga dawa." Je, dawa yake hiyo inamponya nani? Haimponyi mtu. Kazi yake ni kuua. Nyingine huua wadudu, nyingine huua ukungu, nyingine huua magugu. Wataalamu huiita kiuatilifu, na ukilitazama vizuri neno hilo utaona ndani yake mna neno kuua. Lakini huku vijijini nani anasema kiuatilifu? Tunasema dawa, na kwa sababu tunaiita dawa hatuiogopi. Tunaiweka uvunguni. Tunampa mtoto aishike. Chupa ikiisha tunaisuuza na kuwekea mafuta ya taa, au, Mungu atusaidie, mafuta ya kula.

Katika somo hili nitaiita sumu ya shambani. Simkejeli mtu. Nataka tu tuione kama ilivyo.

Somo la leo linamhusu mnunuzi. Makala nyingi za gazeti hili humfundisha mkulima. Panda kwa mstari, palilia mapema, vuna kwa wakati. Ni vizuri. Lakini kila mkulima ni mnunuzi pia. Wewe unayelima mahindi Nsimbo unanunua nyanya. Wewe unayelima mpunga Mpimbwe unanunua vitunguu. Wewe unayelima tumbaku Mishamo unanunua karibu kila kitu, maana tumbaku hailiwi. Basi leo uvae kofia ya mnunuzi, ushike kapu, twende sokoni.

Kilimo hai ni nini?

Kilimo hai ni kilimo ambacho mkulima hatumii mbolea za viwandani wala sumu za viwandani, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anarutubisha ardhi kwa samadi, mboji na mazao ya jamii ya kunde. Anabadilisha mazao shambani: mwaka huu mahindi, mwaka ujao karanga au maharage. Anapambana na wadudu kwa kupanda mazao mchanganyiko, kwa kuwaokota, na kwa dawa za mimea kama mwarobaini.

Msomaji mwingine atasema, "Mwalimu, hicho si kilimo cha babu?" Jibu ni ndiyo na siyo. Babu hakutia mbolea ya dukani, ni kweli. Lakini babu shamba likichoka alihama. Alifyeka msitu mwingine, akachoma moto, akalima upya. Leo ukitaka kufanya hivyo hapa Katavi utakutana na hifadhi upande mmoja na shamba la jirani upande wa pili. Mkulima wa kilimo hai hahami. Anabaki pale pale na kuilisha ardhi yake kila mwaka. Ni kazi, tena kazi ya mikono na ya akili. Asikudanganye mtu kwamba kilimo hai ni kutupa mbegu na kwenda kulala.

Alichosema mkulima wa nyanya

Katika darasa moja la kisomo karibu na Mpanda mjini tulikuwa tunazungumza habari ya mboga. Baba mmoja mwenye bustani ya nyanya bondeni alinyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "niseme ukweli, msinichukie."

"Sema, baba."

"Mimi nina matuta matatu nyuma ya nyumba. Yale sipigi dawa. Ndiyo ya kula na watoto. Za sokoni ziko kule bondeni. Zile napiga kila wiki, na mvua zikizidi napiga mara mbili."

Darasa likanyamaza. Mama mmoja aliyekaa mbele akageuka. "Kumbe baba! Sisi na watoto wetu unatulisha nini?"

Yule baba hakukasirika. Alimjibu taratibu. "Mama, Jumamosi si ulikuja kwangu? Uliokota nyanya yenye kovu la mdudu, ukaitupa pembeni. Ukachagua zile zinazong'aa. Mwenzio akaja akafanya vile vile. Nikabaki na zenye makovu mpaka jioni, nikampa mbuzi. Sasa nani amenifundisha kupiga dawa? Ni bwana shamba, au ni nyinyi?"

Ndugu msomaji, maneno hayo nayafikiria mpaka leo. Sisi wanunuzi tunataka nyanya isiyo na doa, mchicha usio na tundu hata moja, kabichi iliyonyooka kama ya kwenye picha. Mkulima anatutazama, kisha anatupa tunachotaka. Jani la mchicha lenye vitundu viwili vitatu linakwambia kwamba mdudu alilionja akaondoka salama. Jani lisilo na tundu huenda ni la mkulima hodari anayekagua bustani yake kila asubuhi. Huenda pia ni jani ambalo mdudu alilionja akafa hapo hapo. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana somo letu linaitwa Uliza.

Siku za kusubiri

Kila sumu ya shambani iliyosajiliwa ina karatasi yenye maelezo. Katika karatasi hiyo yameandikwa mambo mengi kwa herufi ndogo, na moja ni idadi ya siku ambazo mkulima lazima asubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Nyingine siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne au zaidi. Siku hizo si mapambo. Ndani ya siku hizo jua, mvua na mmea wenyewe huipunguza ile sumu.

Sasa nyanya haingoji. Leo zimeiva tenga mbili, keshokutwa tenga tatu. Mkulima aliyepiga juzi anaona gari la kwenda sokoni limefika. Atafanya nini? Wengi huvuna. Hapo ndipo nyanya inapofika kwako ikiwa bado na vumbi jeupe karibu na kikonyo. Mara nyingine ni vumbi la barabara tu. Mara nyingine ni dawa ya ukungu.

Kuna jambo jingine huku kwetu. Mkoa wetu unalima tumbaku, na mkulima wa tumbaku hukopeshwa pembejeo. Anapata mbolea, anapata na sumu ya wadudu wa tumbaku. Ikibaki kidogo anaitazama bustani yake ya mboga na kusema, mdudu ni mdudu. La, hasha. Sumu iliyopimwa kwa zao ambalo halipikwi wala haliliwi haikupimwa kwa mchicha wa mtoto. Ukiisoma karatasi yake utakuta imetajwa ni ya zao gani. Kama mchicha haukutajwa, si ya mchicha.

Je, kuosha kunasaidia? Kunasaidia kiasi. Osha nyanya, tango na pilipili hoho kwa maji safi yanayomiminika huku ukisugua kwa mkono. Usitumie sabuni ya unga, maana utaongeza jambo jingine juu ya lile la kwanza. Kumenya ganda kunasaidia zaidi. Lakini sumu ziko za aina mbili. Ya kwanza hukaa juu ya jani na ganda. Hiyo maji huipunguza. Ya pili hunyonywa na mmea, ikaingia katika maji yake na kusambaa mpaka ndani ya tunda. Hiyo hata ukiosha kutwa nzima haitoki. Ulinzi wake uko shambani tu, kwa mkulima kusubiri siku zake au kutoitumia kabisa.

Wanaoumia zaidi ni watoto na mama wajawazito. Mwili wa mtoto ni mdogo na bado unajengwa, na kiasi kile kile kinachompita mtu mzima kinaweza kumdhuru yeye. Yuko pia mwingine anayeumia kuliko sisi walaji wote, naye ni mpuliziaji. Anabeba bomba mgongoni bila glovu, bila kitambaa usoni, na upepo unamrudishia. Tukinunua chakula cha kilimo hai tunamlinda huyo pia. Mtu aliyepuliza akianza kuumwa kichwa, kutoka jasho na mate mengi, kutapika au kuona ukungu, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa ikiwa na karatasi yake. Mganga akiisoma atajua aanzie wapi.

Yaliyotokea Irak

Nitawapa kisa kimoja cha mbali, kwa sababu kinatuhusu sisi tuliosoma ukubwani kuliko watu wengine.

Mwaka 1971 nchi ya Irak ilipata mbegu nyingi za ngano na shayiri kutoka nje. Mbegu zilikuwa zimetiwa sumu yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu ardhini. Zilipakwa rangi ya wekundu kama alama ya hatari. Juu ya magunia yaliandikwa maonyo. Lakini maonyo hayo yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza! Mkulima wa Irak husema Kiarabu au Kikurdi. Tena mbegu zilichelewa, wengine walikuwa wamekwisha panda, na njaa ilikuwa nyumbani. Watu wakaziosha mbegu, rangi ikatoka. Wakaona rangi imetoka, wakadhani na sumu imetoka. Wakasaga, wakaoka mkate.

Waliolazwa hospitali walizidi 6,000. Waliokufa hospitalini walikuwa 459. Waliokufa majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Sasa tazama hapa kwetu mwezi wa Januari na Februari, chakula kinapopungua. Mbegu ya mahindi ya dukani nayo hupakwa rangi, nyekundu au ya kijani, kwa sababu imetiwa sumu. Mtu akibakiwa na kilo mbili anaziosha, rangi inatoka, anapeleka mashineni. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Rangi ni rangi na sumu ni sumu. Maji yanayoiondoa ile siyo lazima yaiondoe hii.

Wewe unajua kusoma. Soma kila chupa na kila pakiti. Kama maandishi ni ya lugha usiyoijua, uliza, au rudisha dukani. Kama huwezi kusoma maneno, tazama mkanda wa rangi chini ya karatasi. Mwekundu ni sumu kali kabisa. Wa njano ni kali. Wa bluu inapungua. Wa kijani ndiyo yenye ukali mdogo, lakini kijani hakina maana kwamba unaweza kuinywa.

Mnunuzi ana nguvu

Wengine watasema, "Mimi mnunuzi wa nyanya za shilingi mia tano, nguvu nitaipata wapi?" Tuwatazame wanunuzi wengine.

Mwezi wa Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Sababu ilikuwa habari kwamba wavuvi wengine wanavua kwa kumwaga sumu za shambani majini. Samaki wanalewa, wanaelea, wanaokotwa. Mnunuzi wa Ulaya alisema, sinunui. Viwanda vya minofu vikaumia, wavuvi wasio na hatia nao wakaumia. Serikali zetu zikalazimika kukaza ukaguzi na kuonyesha kwa vipimo kwamba samaki ni salama. Mimi hujiuliza hivi: samaki wale wale tulikuwa tunakula sisi wenyewe, kabla ya 1999 na baada yake. Kwa nini mlaji wa mbali ndiye aliyegoma, na mlaji wa Mwanza hakusikika?

Mfano mwingine uko nyumbani kabisa. Nenda ukanunue kuku. Utauliza, "Huyu wa kienyeji au wa kisasa?" Ukiambiwa wa kienyeji, unaongeza bei na hunung'uniki. Hakuna aliyetulazimisha. Tumeona wenyewe kwamba ladha ni nyingine. Basi kumbe tunajua kuchagua! Tunachohitaji ni kulihamisha swali lile lile kutoka kwa kuku kwenda kwenye nyanya. Ila tahadhari: kienyeji na kilimo hai si kitu kimoja. Nyanya ya mbegu ya kienyeji inaweza kupigwa sumu kama nyanya nyingine. Na mbegu ya kisasa inaweza kulimwa kwa samadi tupu.

Maswali ya kuuliza sokoni si mengi. Uliza kwa heshima, kwa salamu kwanza, usije kama askari:

"Shikamoo mama. Nyanya hizi umelima mwenyewe au umenunua kwa mtu?"

"Mlipiga dawa? Lini mara ya mwisho?"

"Una zile ambazo hamkupiga?"

Mchuuzi aliyenunua kwa mwingine huenda hajui. Si kosa lake. Lakini akiulizwa na watu watano kwa siku moja, kesho atamwuliza aliyemuuzia. Swali linasafiri kutoka sokoni mpaka bondeni. Na ukipewa mboga isiyopigwa sumu, usiitupe kwa sababu ina tundu. Hapo utakuwa umeharibu kazi yote.

Alama ya Kilimohai na uhakika wa majirani

Nchi za Afrika Mashariki zina kanuni moja ya kilimo hai. Ilizinduliwa Dar es Salaam mwezi wa Mei 2007, pamoja na alama yake iitwayo Kilimohai. Baada ya ile ya Umoja wa Ulaya, hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya pili duniani kuunganisha nchi kadhaa za eneo moja. Hapa Tanzania kuna chama kinachowaunganisha wanaohusika na kilimo hai, kinaitwa TOAM, kilichoanzishwa 2005. Na Novemba 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, wa mwaka 2023 hadi 2030. Kwa hiyo jambo hili si la wageni tu. Pamba ya kilimo hai imelimwa Meatu tangu 1994, na kahawa ya kilimo hai imeuzwa nje kutoka Kagera.

Ukiona alama ya Kilimohai kwenye pakiti ya asali, ya viungo au ya chai, maana yake mzalishaji amekaguliwa. Lakini usitegemee kuikuta juu ya fungu la mchicha la mama aliyepanga biashara chini pale soko la Mpanda. Ukaguzi wa kampuni una gharama, na mama wa mchicha hawezi kuulipia.

Ndiyo maana kuna njia ya pili, nayo inafaa vikundi vyetu. Wakulima wa eneo moja wanaunda kikundi. Wanaandika masharti yao katika daftari: hatutumii hiki, hatutumii kile. Kisha wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Leo tunatembelea shamba la fulani, tunatazama, tunaandika, tunatia sahihi. Wanunuzi nao wanakaribishwa kutembelea. Anayevunja masharti anatolewa mpaka atakapojirekebisha. Kanuni ya Afrika Mashariki inaikubali njia hii. Huko Morogoro wakulima wa milima ya Uluguru wameitumia, na shirika liitwalo Kilimo Endelevu Tanzania limewasaidia kupata duka la kuuzia mjini.

Tazama, kinachotakiwa hapo ni nini? Kusoma, kuandika tarehe, kuhesabu, kutunza daftari. Mambo yote hayo umekwisha jifunza kisomoni.

Hesabu kidogo

Chukua kalamu. Hii ni hesabu ya mfano tu, bei za kwenu zinaweza kuwa nyingine.

Kaya 10 za kijiji kimoja zinapatana na mkulima mmoja wa mboga. Kila kaya itanunua mboga za shilingi 2,000 kwa wiki. Mkulima atalima bila sumu.

Kaya 10 × shilingi 2,000 = shilingi 20,000 kwa wiki.

Kwa wiki 12: shilingi 20,000 × 12 = shilingi 240,000.

Sasa mkulima huyo alikuwa akinunua chupa 5 za sumu kwa msimu, kila moja shilingi 8,000.

Chupa 5 × shilingi 8,000 = shilingi 40,000 ambazo hazitoki mfukoni mwake.

Lakini hesabu ya haki haiishii hapo. Atavuna pungufu kidogo, hasa misimu ya mwanzo ardhi inapojirudi. Atatumia siku nyingi zaidi kupalilia, kuokota viwavi na kubeba samadi. Kwa hiyo akisema, "Ongezeni shilingi mia kwa fungu," msimwite mlanguzi. Mia mnayoiongeza ni mshahara wa mikono iliyofanya kazi mahali pa sumu. Ila naye asiongeze mara mbili kwa sababu ya jina tu. Kazungumzeni.

Huku kwetu samadi ipo. Wafugaji wengi wamehamia Katavi na mifugo yao, na mazizi yamejaa. Nimeona mahali samadi inachomwa moto ili kusafisha zizi, na hatua mia mbili kutoka hapo mtu analia ardhi imechoka! Iacheni samadi ioze vizuri kabla ya kuitia kwenye mboga. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, na mboga ya kula mbichi ikiguswa nayo italeta ugonjwa, hata kama haina tone la sumu.

Asali yetu

Siwezi kuandika habari ya chakula safi nikaacha asali, maana hapo Katavi hatujifunzi, tunafundisha. Asali ya misitu ya Inyonga na Mlele inatokana na maua ya miti ya miombo ambayo hakuna mtu aliyeipanda wala kuipulizia. Nyuki anachuma mahali ambapo bomba la sumu halijafika. Ni vigumu kupata chakula kilicho karibu zaidi na kilimo hai.

Lakini asali inaweza kuharibiwa kwa njia tatu. Kwanza, mzinga ukitundikwa karibu na mashamba yanayopulizwa. Nyuki huruka kilomita tatu na zaidi kutafuta maua, na mpaka wa shamba hauoni. Wakaguzi wa Ulaya kwa asali ya kilimo hai hutazama eneo la kilomita tatu kuzunguka mizinga. Pili, mrinaji akitumia moto na moshi kupita kiasi, asali inanuka moshi. Tatu, chombo. Ukitia asali katika dumu lililokuwa na sumu ya tumbaku, umefuta kazi yote ya nyuki na ya msitu. Mnunuzi, uliza dumu lilikuwa la nini. Ukiambiwa "nimeliosha", achana nalo. Dumu la sumu halioshwi likawa la chakula. Linatobolewa lisitumike tena.

Vya asili navyo vina mipaka

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila cha asili ni salama. Si kweli, na watu wa kilimo hai wenyewe wanajua.

Maji ya tumbaku ni sumu kali, ingawa tumbaku ni mmea. Usiyanyunyizie mboga. Utupa unaua wadudu, lakini wazee wanaujua kwa kulevya samaki, kwa hiyo usisuuze bomba lako mtoni. Mwarobaini, pilipili na majivu ndiyo ya kuanzia. Pareto inayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya nayo inaua wadudu, na jua huivunja upesi.

Na uvundo je? Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu wa asili kabisa katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Hakuna kiwanda kilichoileta. Kwa hiyo mahindi ya kilimo hai yenye uvundo ni mabaya kama mengine. Kausha juu ya turubai, si juu ya udongo, na chambua mabovu.

Ghalani kuna dumuzi, yule ambaye wengine humwita Scania. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kuelekea mwaka 1980, na tangu hapo wengi wanachanganya unga wa sumu na mahindi. Leo iko mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi yakiwa makavu na mfuko ukifungwa sawasawa, mdudu anakosa hewa na kufa bila sumu yoyote. Mfuko ni ghali kuliko gunia, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ukitunzwa.

Tena nisieleweke vibaya kuhusu mbolea. Tangu 2022 Serikali inatoa ruzuku ya mbolea, na mkulima wa mahindi aliyeitegemea hawezi kuiacha kwa siku moja. Sri Lanka ilijaribu hivyo. Mwezi wa Aprili 2021 serikali yao ilizuia mbolea za viwandani kwa amri, nchi nzima. Mavuno ya mpunga yakaanguka, wakulima wakaandamana, na kabla mwaka haujaisha amri ikalegezwa. Kwa maoni yangu tuanze na mboga na matunda tunayokula mabichi, pale ambapo sumu inatufikia moja kwa moja, tena pale ambapo shamba ni dogo na samadi inatosha. Nyanya, mchicha, kabichi, matango. Mahindi yatafuata mwendo wake.

Wazee wa kisomo wanazikumbuka kampeni za redio, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa chini ya mwembe na redio moja, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba choo au kulima bustani. Nawaomba mlifanye somo hili kwa namna hiyo hiyo.

Kazi ya kikundi

Mmoja asome somo hili kwa sauti. Kisha zungumzeni: kati yetu nani ana bustani mbili, ya nyumbani na ya sokoni, kama yule baba? Kwa nini? Tungekubali kununua nyanya zenye makovu kama tungejua hazikupigwa sumu? Tungeongeza shilingi ngapi?

Siku ya soko, kila mwanakikundi aulize wauzaji watatu maswali yale, na aandike majibu: tarehe, aina ya mboga, siku ya mwisho ya kupuliza. Asiandike jina la muuzaji, maana hatutafuti wa kumshitaki. Waliojibu "sijui" nao waandikwe.

Mkikutana tena, katibu ayakusanye majibu katika karatasi moja na kuhesabu ni wangapi walivuna kabla ya siku saba kwisha. Mwalikeni bwana shamba au bibi shamba wa kata aje kuitazama karatasi hiyo, na mwalikeni angalau mkulima mmoja wa mboga. Huyo mkulima mpeni nafasi azungumze wa kwanza.